Nilimtunga Awuor wa Magu, Kisha Akaja Studio

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujafika ukurasa huu, nitakueleza kwa kifupi nilivyojiingiza matatani.

Mimi ni Teodora. Nina miaka ishirini na sita na diploma ya uandishi wa habari. Ni mtayarishaji wa vipindi katika redio ya jamii ya Sauti ya Mwalo, hapa Mabatini, Mwanza, juu ya duka la rangi. Kuta za studio yetu tumezibandika trei za mayai ili sauti isivume. Mimi hukaa nje ya kioo, kwenye mitambo. Ndani ya kioo hukaa Odoyo, mtangazaji wa kipindi cha wavuvi, mwanaume niliyempenda miaka miwili bila kumwambia neno.

Kipindi chake kilipoanza hakuna aliyetuma ujumbe. Odoyo alikuwa anasema, "Karibuni salamu zenu," kisha anaitazama simu ya studio kama mtu aliyesahauliwa stendi. Nikamwonea huruma. Nikasajili laini ya pili, nikatuma salamu. Nikajiita Awuor wa Magu.

Kwa nini Awuor? Kwa sababu Odoyo ni Mjaluo wa Rorya, nikadhani jina la kwao litamfurahisha. Kwa nini Magu? Kwa sababu Magu ni kwa Wasukuma wenzangu, na niliamini huko hakuna Awuor hata wa dawa.

Jina likamfurahisha kupita kiasi. Ndani ya miezi sita Awuor akawa maarufu kuliko mtangazaji. Odoyo akawa anamchagulia nyimbo. Akawa anamwandikia hata baada ya kipindi, nami namjibu nikiwa hatua tatu kutoka kwake, simu nimeificha chini ya meza. Alipotaka kupiga, nilimwandikia kwamba simu yangu spika ni mbovu. Akaamini.

Kisha siku moja akaja kuniambia, mimi, "Teo, nadhani nimempata mke."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumwonea wivu mwanamke niliyemtunga mwenyewe.

Wiki iliyopita niliishia pale meneja wetu, Mzee Ngosha, alipotangaza hewani kwamba Awuor wa Magu ndiye msikilizaji bora wa mwaka, aje studio Jumamosi kuchukua zawadi. Sikuhangaika. Mtu asiyekuwepo hawezi kuja.

Jumamosi ikafika. Saa tatu asubuhi mlango ukagongwa.

"Hodi humu ndani," ikasema sauti ya kike. "Mimi ndiye Awuor wa Magu."

Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Sikukiangusha kama wanavyofanya kwenye tamthilia. Nilikinywa chote kwa mkupuo mmoja, kikaniunguza ulimi.

Alikuwa mrefu kunizidi kichwa kizima. Alikuwa na mwanya. Alivaa gauni la kitenge lililomkaa mwilini kama amemwagiwa, na mkononi alishika mfuko wa mchele.

Odoyo akatoka studio mbio, headphone bado shingoni, waya unaburuzika nyuma yake.

"Oyawore, nyar Magu!" akamsalimia binti wa Magu kwa Kijaluo, meno yote nje.

"Mwangaluka, kaka," mgeni akajibu kwa Kisukuma, akacheka. "Kijaluo mimi sikijui. Baba alikuja kufanya kazi kiwanda cha pamba nikiwa tumboni, nimekulia na Wasukuma. Hata ukinitukana kwa Kijaluo nitakushukuru."

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Awuor wangu alikuwa anasalimia kwa Kijaluo kila asubuhi, kwa maneno niliyofundishwa na Mama Aoko anayetupikia chai. Nikamtazama Odoyo. Sasa atashtuka, nikasema moyoni. Sasa hivi.

"Mbona kwenye ujumbe unasalimia vizuri kabisa?" Odoyo akauliza.

"Huo ujumbe, kaka, ndio hasa uliofanya nije ku..."

"Karibu, karibu mshindi wetu!" Mzee Ngosha akamkatiza, amenyoosha mikono yote miwili kama anapokea mkwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu! Magu mvua zimenyesha?"

Odoyo akanisogelea sikioni. "Umeona, Teo? Kijaluo hajui. Kumbe alikuwa anajifunza kwa ajili yangu. Umewahi kuona mtu anajifunza lugha kwa ajili ya mtu?"

"Nimewahi," nikasema.

Hakusikia. Alikuwa ameshaupokea ule mfuko wa mchele. Mimi nimepandisha betri za mitambo kwenye ngazi zile miaka miwili, hajawahi kunipokea hata mkoba. Leo amembebea mwenzangu kilo tano za mchele hatua nne tu, tena anahema kwa heshima.

Halafu akachukua kikombe chake cha bati cha bluu, ambacho hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Mara moja nilikiosha akaniambia nimekitoa ladha. Akakijaza chai, akampa yeye.

Nikaambiwa nimpeleke mgeni kunawa. Kwenye korido nilifunga mlango nyuma yetu.

"Dada, namba yako ya simu inaishia na ngapi?"

"Mbili saba. Kwani vipi?"

Laini yangu ya siri iliishia na nne sita. "Na ndiyo unayotumia kututumia salamu?"

Akanitazama. Hakuwa na macho ya tapeli, lakini wivu haujui kusoma macho.

"Unaitwa nani, dada?"

"Teodora."

"Dada Teodora, nina neno nataka kulisema kabla sijaingia mule ndani. Nimeangalia sura za hapa, nimeona wewe ndiye mwenye utulivu wa kuni..."

"Neno utalisemea hewani," nikamkata. "Tuna dakika kumi na tano."

Akanawa mikono taratibu, akaikausha kwenye gauni lake.

Ningemsikiliza dakika moja tu, nyinyi leo mngekuwa mnasoma ukurasa wa michezo.

Mzee Ngosha alinikuta mlangoni. "Binti yangu, mwandikie Odoyo maswali. Unamjua mwenzako, bila karatasi anapotea kama kuku mgeni."

Namjua. Odoyo hasomi karatasi kabla ya kipindi. Anasema akiisoma mapema maneno yanachacha. Anachokikuta mezani ndicho anachokisoma, hapohapo, kwa sauti. Siku za mwanzo za kipindi aliwasomea wavuvi wa Ukerewe karatasi yangu ya sokoni, nyanya, vitunguu, sabuni ya unga, na hakushtuka hadi alipofika kwenye "dawa ya mende". Ndiyo kazi yetu ilivyo. Mimi naandika, yeye anakuwa mdomo wangu.

Printa haikuwa na wino. Nikachukua kalamu.

Maswali sita ya mwanzo niliyaandika kama mtu mwema. Karibu, jitambulishe, unafanya kazi gani, ulianzaje kutusikiliza. Kisha nikainua kichwa, nikawaona kupitia kioo. Odoyo alikuwa anamvalisha headphone. Alikuwa anazirekebisha kwa vidole viwili, taratibu, asije akamvurugia nywele.

Nikaandika swali la saba.

Ili mlielewe swali hilo, nirudi nyuma miezi mitatu. Usiku mmoja Awuor wangu alimwuliza Odoyo mbona kila siku anawatangazia wavuvi habari za upepo na mawimbi, lakini hajawahi kuvuka kwenda kuwatembelea visiwani. Jibu lilichukua saa nzima kuja. Aliandika kwamba hajapanda chombo cha majini tangu akiwa na miaka kumi na minne, siku mtumbwi wao ulipopinduka karibu na Shirati na mdogo wake akaenda na maji. Aliandika jina la mdogo wake. Aliandika kwamba alikuwa amemshika mkono, na mkono ukamponyoka.

"Hapa Mwanza sijamwambia mtu," alimalizia. "Wavuvi wakijua mtangazaji wao analiogopa ziwa, nimekwisha. Ni wewe tu."

Ni wewe tu. Niliyasoma maneno hayo kitandani kwangu Butimba, nikalia hadi mto ukalowa. Nilimlilia yeye na mdogo wake. Lakini kwa kuwa niliwaahidi nyinyi wasomaji kusema kweli, niseme yote. Nililia pia kwa sababu huyo "wewe" hakuwa mimi.

Swali la saba niliandika hivi, kwa mdomo wa Odoyo kama ilivyo kawaida yetu: "Awuor, kuna jambo kuhusu ziwa ambalo nilikwambia wewe peke yako. Wadokeze wasikilizaji ni jambo gani."

Nilijiona mjanja. Mwanamke huyu hatakuwa na jibu. Atababaika, Odoyo atashtuka, naye atapanda basi la Magu na mwanya wake. Mimi sitakuwa nimesema neno.

Nikaipeleka karatasi mezani, nikaiweka kifudifudi. Odoyo akaniinulia kidole gumba. "Teo, wewe ni ndugu yangu kabisa."

Ndugu. Nikarudi kwenye mitambo, nikawasha taa nyekundu.

"Sauti ya Mwalo!" Odoyo akaanza, sauti imejaa asali. "Leo simu hazitapoa. Yule mliyekuwa mnamuuliza kila siku, yule mliyedhani ni jini, amekuja. Awuor wa Magu, wasalimie."

"Hamjambo wote. Mimi si jini. Ni fundi cherehani."

Akacheka, na simu zote mbili za studio zikawaka kwa pamoja. Mzee Ngosha, aliyesimama nyuma yangu, akapiga makofi bila sauti.

Mpigaji wa kwanza alitoka Igombe. "Nauliza tu, huyo dada ameolewa?"

"Msikilizaji, laini yako inakwaruza," Odoyo akasema, akamkata. Laini haikuwa inakwaruza. Mimi ndiye niliyekuwa nimeishika.

Swali la tano. "Awuor, ulianzaje kutusikiliza?"

"Nilikuwa nampima mteja gauni, pini ziko mdomoni. Mara redio ya jirani ikataja jina langu. Awuor wa Magu! Kidogo nimeze pini. Magu nzima hiyo, Awuor ni mimi peke yangu. Mteja akaniambia, kumbe una watu mjini! Tangu siku hiyo mtaa mzima wananiita Awuor wa Redio. Hata mchumba aliyeniacha alirudi kunisalimia."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia apange foleni na wateja wengine."

Odoyo akacheka mpaka akaegemea meza. Kwangu huwa anacheka kwa pua tu. Nikawa namsikiliza mwanamke yule kwa makini, nikitafuta uongo, na sikuupata hata mmoja. Hakusema popote kwamba alituma ujumbe. Badala ya kujiuliza kwa nini, nikamwona ni mjanja kunizidi.

Swali la sita. "Ni salamu gani hutaisahau?"

Safari hii alishusha sauti.

"Siku moja ulisema, Awuor, pole na kikohozi. Na kweli nilikuwa nakohoa, wiki ya pili. Tangu mama afariki hakuna mtu aliyekuwa amenipa pole ya kikohozi. Nilizima cherehani, nikakaa chini."

Kikohozi kile kilikuwa changu. Nilikitaja kwenye ujumbe kwa kuwa kifua kilikuwa kinaniuma asubuhi ile, nikatamani Odoyo anipe pole. Pole ikanipita hatua tatu, ikasafiri hadi Magu, ikampata mtu aliyeihitaji kuliko mimi.

Roho ikaniuma. Niliona aibu kwa ajili ya swali la saba. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe cha wimbo. Ningebonyeza, muziki ungeingia, ningekimbilia ndani nikaichana ile karatasi, na mambo yangeishia hapo.

Lakini Odoyo akatoa leso mfukoni, akampa Awuor afute macho. Ilikuwa leso ya mistari ya kijani. Nilimpa mimi, Krismasi, akasema ataitunza isichafuke.

Nikautoa mkono kwenye kitufe.

"Awuor," Odoyo akasoma, akiwa bado anatabasamu, "kuna jambo kuhusu ziwa ambalo nilikwambia wewe pe..."

Sauti ikapungua nguvu.

"...peke yako. Wadokeze wasikilizaji..."

Hakumalizia.

Kwenye redio ukimya una uzito wake. Sekunde tatu, msikilizaji anaigonga redio yake kwa kiganja. Sekunde tano, anatafuta kituo kingine. Mimi nilihesabu hadi nane. Katika zile nane ndipo nilipomwona usoni, akiwa kijana wa miaka kumi na minne, mkono wake mtupu majini, na wavuvi wote wa ziwa wanamsikiliza. Nilimtegea mwanamke asiye na kosa, na mtego ukamkamata mtu niliyempenda.

"Mbona amenyamaza?" Mzee Ngosha akanong'ona. "Weka wimbo! Hapana, usiweke, simu zimejaa! Hii tamu!"

Awuor ndiye aliyesema.

"Kaka Odoyo, hujawahi kuniambia jambo lolote kuhusu ziwa."

"Awuor..."

"Wala mimi sijawahi kukutumia ujumbe hata mmoja. Hiyo ndiyo habari iliyonileta. Naanza kuisema tangu mlangoni, mnanikaribisha tu. Nilitaka kumjua anayelitumia jina langu, nimshukuru. Na kama ana shida, nimsikilize. Mtu hawezi kukaa miezi sita amevaa jina la mwenzake kama hana kinachomuuma."

Odoyo hakumtazama. Alikuwa anaitazama karatasi. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Jambo hili nilimwambia huyo Awuor wa kwenye simu," akasema taratibu, kama anayejihesabia mwenyewe. "Sikumwambia mtu mwingine yeyote. Na swali hili sikuliandika mimi."

Hapo ndipo akili yangu ilipoamka, ikiwa imechelewa. Waliojua kwamba lipo la kuuliza walikuwa Odoyo na Awuor wangu, basi. Nilikuwa nimejikamata kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwa kalamu ya bluu.

Akainua macho kuelekea kwenye kioo.

Miaka miwili nilitamani Odoyo anitazame hivyo, moja kwa moja, bila kuangalia saa, bila kutafuta karatasi nyuma yangu. Sasa alinitazama, na nilitamani sakafu ifunguke nitumbukie kwenye duka la rangi.

Akaivuta maiki ya tatu, ile ya wageni, akaisogeza mbele ya kiti kitupu.

"Teo," akasema hewani. "Ingia ndani."

Ningeweza kukata matangazo. Swichi ilikuwa mbele yangu. Lakini Mzee Ngosha, ambaye hakuwa ameelewa chochote, alinisukuma begani kwa furaha.

"Nenda, binti yangu, unaitwa! Usione haya! Leo ndiyo siku yako!"

Nikaingia. Awuor akanisogezea kiti kwa mguu. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mteja aliyeleta kitambaa kisichotosha gauni, akasema kwa chini sana, "Kumbe ni wewe, dada."

Odoyo akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni.

"Wasikilizaji, msiondoke," akasema. Asali yote ilikuwa imeisha sautini. "Huyu ni Teodora. Hamjawahi kumsikia, lakini ninayoyasema humu karibu yote anayaandika yeye. Nina swali moja la kumuuliza. Ni moja tu, na sijaandikiwa na mtu."

Akazivua headphone, akaziweka mezani.

"Teo. Mdogo wangu aliitwa nani?"

Nikisema sijui, Awuor wa kwenye simu angekufa palepale. Kazi yangu ingebaki, heshima yangu ingebaki, na Odoyo angebaki hajui ni nani aliyemlilia usiku ule. Nikilitaja jina, ningekuwa nimemrudishia siri yake mbele ya Magu, Ukerewe na Rorya, na kila mtu angejua jinsi nilivyoipata.

Nje ya kioo Mzee Ngosha alikuwa ananionyesha kwa vidole idadi ya simu zinazosubiri. Awuor alikuwa ameweka kiganja chake mezani, karibu na changu, bila kunigusa.

Jina nilikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni tayari, lina herufi tano.

Nikaivuta maiki karibu.